Kitalu cha Mageni kilichobaki ziwa lilipopanda

Jua ndiyo kwanza limechomoza na umande haujakauka, lakini Rebeka Jilala yumo majini mpaka kiunoni. Khanga ameifunga kifuani, fundo kalipeleka mgongoni lisimsumbue. Mikononi amebeba kitu ambacho kwa mbali mtu angedhani ni mtoto mchanga.

Ni mzizi wa mafunjo. Ni mnene kama mkono wa mtu mzima, mwekundu kwa nje, umejaa vinyweleo vyeusi vinavyochuruzika matope. Anauteremsha polepole, anaulaza ubavu juu ya tope, kisha anaupapasa kwa kiganja. Haushindilii kwa mguu.

"Shemeji, unapanda au unazika?" sauti ya mwanamume inauliza kutoka nchi kavu.

Rebeka hageuki. "Wewe uliyezika mpunga wako wote humu majini ndiye wa kuniuliza mimi?"

Wanawake waliokuja kisimani wanacheka mpaka maji yanamwagika kutoka ndooni. Maduhu, mdogo wa mumewe Rebeka, naye anacheka. Anakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa na kuendelea kutafuna muwa wake.

Hapa ni Nyabusenzi, kitongoji cha wavuvi, wafugaji na wakulima wa mpunga, ufukweni mwa Ziwa Viktoria wilayani Geita. Ni Septemba 1999. Mvua za vuli hazijaanza na ziwa limetulia, lakini Rebeka anajua utulivu huo ni wa kuazima. Mizizi anayoilaza ni lazima ishikane kabla pepo za mvua hazijarudi. Isiposhikana, mawimbi yataingia mpaka kisimani, na kazi ya kusuka majamvi iliyolisha nyumba nyingi za hapa itabaki kuwa jambo la kuwasimulia wajukuu.

"Naomba miezi miwili tu," anasema, akinyoosha mgongo. "Nimeshapewa mengi. Naomba na hiyo miwili."

Rebeka ana miaka arobaini na mmoja, na hakuzaliwa karibu na maji mengi. Kwao ni Kishapu, nchi ya pamba na ng'ombe, mahali ambapo mtu huchimba mchanga wa mto mkavu na kusubiri maji yajikusanye kwenye shimo.

"Unachota kata moja, unasubiri. Unachota nyingine, unasubiri. Na ng'ombe nyuma yako wanakusubiri wewe," anakumbuka.

Aliolewa na Mabula akiwa msichana wa miaka ishirini, akaletwa kwa basi la kupitia Kahama. Walipofika kwenye kilima cha mwisho na ziwa likaonekana lote, alimshika mumewe mkono akamuuliza, "Haya maji yote ni ya nani?"

Mabula alicheka, akampelekea mama yake lile swali. Mama yake, Bibi Mageni, hakucheka. Alimwangalia bibi harusi kutoka juu mpaka chini, akasema, "Huyu atayaheshimu." Kesho yake alimpa panga na kumpeleka kwenye mafunjo.

Enzi hizo ukanda wa mafunjo ulizunguka ghuba yote ya Nyabusenzi, mrefu kumpita mtu, mnene kiasi kwamba aliyekuwa ndani hakuliona ziwa ila alilisikia tu. Kila mwanamke msukaji alikuwa na kitalu chake, na mipaka ilikuwa vijia vilivyokanyagwa na mama zao. Mafunjo yalikatwa, yakapasuliwa, yakaanikwa, kisha yakasukwa kwa kamba ya katani. Kufikia miaka ya tisini jamvi moja liliuzwa shilingi mia nane mjini Geita. Majamvi yalitumika kuanikia dagaa na mpunga, lakini mteja mkubwa alikuwa rashi, zile kambi zinazoota kwa siku chache pale dhahabu inaposikika. Mchimbaji anayefika leo na kuhama mwezi ujao hajengi kwa tofali. Anachomeka miti minne na kuizungushia majamvi.

"Mama mkwe alinifundisha kukata bila kuua," anasema Rebeka. "Unakata lililokomaa, unaacha changa. Mzizi ukikufuata mkononi, huutupi. Unaurudisha. Siku ya kwanza mimi niliuchomeka kwenye tope ukiwa wima, kama mti. Akanipiga kofi la mgongoni. 'Mlaze! Nani kwenu analala amesimama?'"

Anacheka peke yake, majini.

Ukame wa mwaka 1996 ulipoingia, ziwa lilirudi nyuma. Palipokuwa na maji pakawa tope, na palipokuwa na tope pakawa udongo mweusi mzuri unaotamanisha jembe. Watu wakalifuata ziwa kwa majembe. Waliyachoma mafunjo, wakang'oa mizizi, wakachimba majaruba ya mpunga. Aliyefyeka eneo kubwa ndiye aliyesifiwa kwa kujituma.

Maduhu alikuwa mbele yao. Hafichi.

"Kwetu sisi mafunjo yalikuwa kichaka," anasema, akitema makapi ya muwa. "Mbu humo, nyoka humo, kiboko humo. Mpunga ni chakula. Una watoto, una njaa, ardhi hiyo hapo mbele yako inang'aa. Nani angeiacha?"

Katikati ya ukame huo, mwanzoni mwa mwaka 1997, Bibi Mageni aliugua. Hakuugua sana. Alikuwa akisuka jamvi barazani, akasema amechoka, akajinyoosha kando ya kazi yake. Hakuamka.

Jamvi lilikuwa limebaki theluthi. Wanaume walipokwenda kuchimba kaburi, Rebeka na wasukaji wengine watatu walikaa chini kulimalizia, kila mmoja kwa mkono wake na kwa machozi yake. Upande mmoja ulibana, mwingine ukalegea. Ndilo alilozikiwa.

"Angeliona angetufumulisha lote," anasema Rebeka. "Lakini alilala juu ya kazi yake mwenyewe. Ni wangapi wanapata bahati hiyo?"

Wasukaji wa Nyabusenzi wana desturi yao. Mwenzao akifa, kitalu chake hakikatwi mwaka mzima. Kinaachwa kisimame, kiseme chenyewe kwamba mwenyewe hayupo. Mwaka ukitimia na tanga likimalizwa, mwanamke wa nyumba yake ndiye anayekata funjo la kwanza. Kitalu cha Mageni kilikuwa kwenye kona ya ghuba, mbele kabisa ya kisima cha kitongoji.

Wiki chache baada ya mazishi, Maduhu alifika hapo na panga, na ng'ombe wawili wa jembe. Alimkuta shemeji yake ameketi katikati ya kijia.

"Mama amekufa, mafunjo hayajafa," alimwambia. "Nipishe nilime. Mvua ikija nitakuwa wa mwisho."

"Tanga la mama yako halijaisha, wewe unataka kumlima mgongoni?"

"Rebeka, mimi ndiye mwanawe. Wewe umeolewa tu."

"Haya basi. Lima. Mimi sitoki hapa."

Wanawake kisimani walikuwa wameshaziweka ndoo chini. Maduhu aliwatazama, akamtazama shemeji yake, akawageuza ng'ombe. Hawakusemezana kwa muda mrefu.

Mtu akimsifu leo kwamba aliona mbali, Rebeka anakataa katakata.

"Sikuona mbali, sikuona karibu. Nilikuwa sijui lolote la mafuriko. Nilikuwa namlilia mama mkwe wangu, basi. Kama ni akili, ni ya hao waliotuachia desturi. Mimi nilikaa chini tu."

Mvua ambazo watu wanaziita Elinino zilianza mwishoni mwa mwaka huohuo. Zilinyesha kama zilizotumwa. Mito ilishuka na matope, na ziwa, ambalo wazee walizoea kuliona likipanda kwa kiasi na kushuka kwa kiasi, lilipanda na kuendelea kupanda hata baada ya mvua kukatika.

Majaruba yalimezwa. Mpunga wa Maduhu ulikuwa umefika gotini. Aliingia majini akijaribu kuuvuna mbichi, akatoka na mganda mmoja. Nyumba za ufukweni zilidondoka ukuta mmoja mmoja. Mabaki ya mafunjo yaliyokuwa yamechomwa pembeni na kukatwa mizizi hayakuwa na cha kushikilia. Yaling'oka vipande vipande, vikaelea kuelekea katikati ya ziwa kama visiwa, ndege wakiwa bado wamekaa juu.

"Nilisimama hapa nikaona kazi yangu inasafiri," anasema Rebeka.

Kitalu cha Mageni hakikwenda popote. Mizizi yake, ambayo mwaka mzima haikuguswa na mtu, ilikuwa imeshikana kama vidole. Maji yalipopanda, kitalu nacho kilipanda juu yake, kikabaki pale pale. Mawimbi yalikuja na nguvu zake zote, yakaingia kwenye mafunjo, yakatokea upande wa pili yakiwa yamechoka. Kisima kilichokuwa nyuma hakikubomoka, wala uchafu wa ziwani haukukifikia.

Miezi hiyo kipindupindu kilipita vijiji kadhaa vya ukanda huu. Nyabusenzi walizika, kama ambavyo watu huzika kila mwaka, lakini hawakumzika mtu wa ugonjwa huo. Rebeka hadai kwamba ni kitalu peke yake. Walichemsha maji pia, walichimba vyoo. "Lakini tulikuwa na maji ya kuchemsha," anasema.

Mabula, mumewe, alikuwa kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, wakati huo. Maduara yalipojaa maji alirudi nyumbani na koleo lake begani, mikono mitupu. Rebeka alipomwona anashuka kilimani alikaa chini njiani akalia kwa furaha. Mpaka leo Mabula humtania kwamba ndiye mwanamke pekee wilayani aliyewahi kufurahi mume kurudi bila kitu.

Bwana Ignas, ofisa wa maliasili anayefika hapa kwa baiskeli, anasema yaliyotokea Nyabusenzi hayakuanzia Nyabusenzi. Kabla ya kuhamishiwa ziwani alifanya kazi pwani, kwenye delta ya Rufiji, ambako wazee walimwonyesha maji ya chumvi yalivyoingia kwenye mashamba ya mpunga nyuma ya mikoko.

"Wataalamu wanatuambia dunia inapata joto," anasema. "Bahari inapanda taratibu. Ziwa letu halipandi kwa namna ile ya bahari, ila mvua zimekosa utaratibu, ukame mkali halafu mafuriko makali. Lakini niliona kitu kimoja kote kuwili. Pale mikoko au mafunjo yaliposimama, maji yalibisha hodi. Pale yalipofyekwa, yaliingia bila hodi."

Maji yalipoanza kutulia, mwaka wa tanga ulikuwa umeshapita. Rebeka alikuwa na ruhusa ya kukata. Tatizo ni kwamba ghuba yote haikuwa na mafunjo mengine.

Mteja wao mkubwa, Hozefa, mwenye duka mtaa wa Kalangalala mjini Geita, alifika mwenyewe kwa pikapu. Wateja humwita Baba Mehjabin, kwa jina la bintiye. Rashi mpya ilikuwa imefumuka na kila aliyekwenda huko alitaka majamvi.

"Mama Donatus, habari za hapa? Poleni sana na maji," alisema. Donatus ni mtoto wa kwanza wa Rebeka. Halafu akaona kitalu. "Lakini mafunjo si hayo yamesimama? Kata, mama!"

"Hayo si ya kukata, Baba Mehjabin."

"Ya nini sasa? Ya kuangalia?"

"Kwa sasa ni ya kuangalia."

"Basi nikawauzie wachimbaji picha yake, wajifunike nayo!"

Watu walicheka, isipokuwa Serafina. Serafina ni mjane, jirani yake Rebeka, na mmoja wa wale wanne waliomalizia jamvi la Mageni. Watoto wake walikuwa wamelala bila kula. Alisema mbele ya wote, "Na watoto wangu wale nini, Rebeka? Wale kumbukumbu za mkweo?"

Rebeka anayarudia maneno hayo taratibu. "Alikuwa na haki. Nilimwambia tu, tukikata leo tutakula mwezi mmoja, halafu kisima kitafuata mpunga wa Maduhu. Na mbegu tutaitoa wapi? Akanigeuzia mgongo."

Serafina alikwenda kuchenjua mchanga wa dhahabu kwenye kijito, kazi ya kuinama mchana kutwa na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Kila aliposafiri, watoto wake walikula kwa Rebeka. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo, na wawili hao hawajawahi kulizungumzia.

Hozefa naye aliondoka akinung'unika. Lakini juma lililofuata pikapu yake ilirudi na gunia la kamba za katani, na ujumbe kwa dereva: siku watakapokata, wasije wakasema kamba hakuna. Gunia hilo bado linaning'inia darini kwa Rebeka, panya wasilifikie.

Kilichobaki kilikuwa kupanda. Wazo lilikuwa jepesi: kutoa mizizi michache kwenye kitalu na kuieneza kwenye ufukwe mpya. Mwanzoni mwa mwaka huu Rebeka na wenzake walikata mizizi, wakatengeneza matuta kwenye tope kama ya viazi vitamu, wakachomeka kila kipande wima na kushindilia kwa kisigino.

"Mtu wa Kishapu haachi Kishapu yake," anasema akijicheka. "Mimi kupanda ninakokujua ni tuta na kisigino."

Yote ilioza. Walipoing'oa ilitoa harufu, na ndani ilikuwa laini kama ugali uliolala. Rebeka alikuwa amepunguza kitalu cha marehemu bila faida. Kwa siku kadhaa hakwenda hata kisimani. Alimtuma binti yake.

Binti huyo ndiye aliyekuja jioni moja na mjukuu mgongoni, amesinzia. Rebeka alikuwa akipepeta mchele. Alisema bila kuinua macho, kama bibi yeyote angesema, "Mlaze."

"Ungo ulinitoka mikononi," anasema. "Nilimsikia mama mkwe. Nilihisi mpaka kofi lake. Miaka yote nimeubeba ule mgongo uliopigwa kofi, halafu siku ya kuhitajika nimesahau!"

Asubuhi yake alimfuata Serafina kijitoni. Hakumweleza mengi. Alimwambia, "Tulikuwa tunaisimamisha. Ilitakiwa ilale." Serafina alinyanyuka, akanawa mikono, akaacha karai lake kwa jirani.

Mwezi Juni walianza upya. Bwana Ignas aliwaonyesha namna ya kuchomeka uzio wa miti na matete mbele, ili wimbi livunjikie huko. Wavuvi walitoa nyavu zilizochakaa za kushikilia mizizi isielee. Wenye ng'ombe walikubali kunyweshea upande mwingine wa ghuba, baada ya ugomvi kidogo na pombe kidogo.

Kazi haina huruma na mwili. Rebeka ametibiwa kichocho mara mbili, na magoti yake hayapendi asubuhi. Mwaka huu nyumba yake imeishi kwa mihogo, dagaa wa kuokoteza na vibarua vya Mabula. Ukimuuliza kama amechoka anakwambia ndiyo, bila kuzunguka.

Lakini ukimpa nafasi anahesabu mengine kabisa. Kisima. Mume aliyerudi. Serafina. Gunia la kamba. Wavuvi na nyavu zao. "Wabeja," anasema kila anapotaja mmoja, neno la Kisukuma la shukrani. Mpaka anamshukuru kiboko, kwamba mwaka huu amelala kwingine.

Leo, kando ya kitalu kirefu cha Mageni, ukanda mpya umeanza kuonekana. Si mzuri. Una mapengo, umepinda, na sehemu moja imeliwa na ndama aliyepenya. Lakini kutoka kwenye mizizi iliyolazwa Juni yametoka machipukizi ya kijani yenye ncha kali, mengine yamefika kifuani. Mapengo machache yanayobaki, hasa mbele ya kisima pale kitalu kilipopunguzwa kwa ajili ya mbegu, ndiyo yaliyomtoa Rebeka kitandani leo.

Mpango wake hauna makubwa. Mvua zikipita na ukanda ukibaki, mwakani watagawana vitalu upya, na Serafina atachagua wa kwanza. Majaruba yatabaki nyuma ya mafunjo. Hilo kitongoji kimeshakubaliana. Naye, kama mwanamke wa nyumba ile, atakata la kwanza kwenye kitalu cha marehemu na kusuka jamvi moja ambalo halitapanda pikapu ya Hozefa.

"Nitalitandika kwangu," anasema. "Mama mkwe alikuwa akinisema: msukaji gani wewe unayelalia gunia? Safari hii nitalala kama yeye."

Jua limepanda. Mizizi miwili imebaki kwenye beseni, na upepo wa mchana umeanza kuutikisa uso wa maji. Maduhu anatupa ganda la muwa, anakunja suruali mpaka juu ya magoti, anaingia majini. Anachukua mzizi mmoja, anaushika vibaya, kama mwanamume anayeshikishwa mtoto wa mwenzie.

"Huyu nimlaze vipi?"

"Ubavu wa kulia," Rebeka anamwambia. "Kama mama yako alivyokuwa akilala."

Maduhu anainama. Hatanii sasa. Anaulaza mzizi kwenye pengo lililo mbele ya kisima, anausogeza kidogo, anaupapasa kwa kiganja kilichozoea jembe. Wimbi dogo linapita juu ya mkono wake, linaingia kwenye mafunjo, na kule kisimani ndoo ya mtu inaendelea kujaa.